Scott alishinda uwanjani, akapewa mezani

Hakuna shabiki wa soka anayejivunia pointi za mezani. Timu ikipigwa uwanjani, halafu kamati ikakaa na kuipa pointi tatu, hata mwenye timu hushangilia kwa aibu. Sasa geuza: mtu ameshinda uwanjani, kisha anahangaika kudai ushindi wake mezani.

Ndiyo yaliyomkuta Wendell Scott, dereva mweusi wa Marekani, Desemba 1, 1963, kwenye mbio za NASCAR mjini Jacksonville, Florida.

Scott hakuwa na tajiri nyuma yake. Alikuwa na gereji yake kule Danville, Virginia, na humo ndimo ulimotoka mkwanja wa mashindano. Fundi ni yeye, wasaidizi ni wanawe. Gari la siku ile, Chevrolet, lilikuwa mtumba alioununua kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett.

Zikiwa zimebaki raundi 25 akampita Richard Petty. Akamaliza kinara, lakini waamuzi wakamtangaza Buck Baker. Scott akagoma, akataka raundi zihesabiwe upya. Saa kadhaa baadaye, mashabiki wameshaondoka, wakubwa wakakiri kuwa Scott ndiye mshindi, tena kwa tofauti ya raundi mbili nzima! Hizo si sentimita za kuotea, useme mshika kibendera alipitiwa.

Fedha alilipwa. Kombe la siku ile hakulipata hadi anafariki mwaka 1990. NASCAR iliikabidhi familia yake kombe mwaka 2021.

Wapo wanaosema kosa lilisharekebishwa, yaishe. Hapana. Ushindi si jina kwenye karatasi tu. Ni kupanda jukwaani watu wakiona, ni picha ya gazetini kesho yake, ile inayomfanya mwenye kampuni aulize, "Huyu jamaa ni nani?" Dereva wa hali ya chini anaihitaji picha hiyo kuliko yeyote, maana ndiyo inayomletea mdhamini. Scott aliendelea kuungaunga magari yake hadi ajali ya Talladega mwaka 1973 ilipomvunja. Alikimbia mbio 495, akashinda hiyo moja.

Petty alistaafu na ushindi 200. Angedhulumiwa mmoja, zingebaki hesabu nzuri tu. Scott alikuwa na huohuo mmoja, nao walimpa uwanja ukiwa mtupu.