Sisi Wadogo, Nani Atahangaika na Sisi?



Kila tukizungumzia usalama wa tovuti, sisi wenye biashara ndogo tuna jibu moja: "Nani atahangaika na sisi?" Tunashona nguo za harusi. Tovuti yetu ni ya kuonyesha mishono, na bi harusi anajaza vipimo na namba ya simu, basi.

Siku moja kijana anayetusaidia akatufungulia orodha ya waliojaribu kuingia. Usiku mmoja tu, kurasa kwa kurasa! Jina lililoandikwa ni "admin", kisha maneno ya siri moja baada ya jingine. Moyoni tukamdhania shoga yetu wa duka la pili. Astaghfirullah.

Kumbe hakuna tuliyemkosea. Hizo ni programu zinazojiendesha usiku na mchana. Ni kama mwizi anayepita Darajani usiku akitikisa makomeo yote. Hajali ndani mna dhahabu au kanga, anatafuta mlango uliosahauliwa. Anwani za mtandao za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika, ni kama bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kompyuta moja yenye mtandao wa kasi inaweza kuzipigia hodi zote kwa chini ya dakika 45. Udogo wetu utatuficha wapi?

Tena tovuti nyingi zimejengwa kwa WordPress, na asiyebadilisha kitu mlango wake wa kuingilia uko pale pale ulipo wa mwenzake. Likigundulika tundu kwenye plagini moja, programu hizo huwazungukia wote ambao hawajaisasisha.

Wanataka nini kwetu? Kutuma barua pepe za ulaghai kwa jina letu, kuficha ukurasa bandia wa benki ndani ya tovuti yetu, au kumpeleka mteja kwenye kamari. Fikiria bi harusi anatafuta shela, anafunguliwa kamari! Pia hutumia vya wanyonge kupigia wengine. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vya majumbani kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani. Mwezi wa Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuziangusha tovuti kubwa kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo walikuwa watu wa kawaida tu.

Kwa hiyo tuseme ukweli: kinachotuponza si umaarufu, ni uzembe. Na sisi tunashika kitu kizito kuliko fedha. Bi harusi ametupa vipimo vya mwili wake, na pengine picha ya kujaribu gauni bila ya mtandio. Hiyo ni amana. Anapopimwa chumbani tunafunga pazia. Mbona kwenye tovuti tunaliacha wazi?

Rai yetu ni hii. Picha za sitara zisiwekwe kwenye tovuti kabisa, na vipimo vifutwe nguo ikishachukuliwa. Tusasishe kila kinachodai kusasishwa, na plagini tusizozitumia tuziondoe. Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala lile la barua pepe, na tuongeze namba ya uthibitisho ya kwenye simu. Nakala ya tovuti ihifadhiwe pembeni.

Nawe bi harusi, usione haya kumuuliza fundi wako: "Picha zangu zinakaa wapi, na utazifuta lini?" Fundi mwaminifu hatokasirika.

Yule shoga yetu tulimwendea, tukamwonyesha orodha yetu. Akafungua yake. Ilikuwa ndefu kuliko yetu, na neno lake la siri lilikuwa jina la duka. Tukakaa naye mpaka akalibadilisha.

Allah atusitiri sote.