Najisi ya Mbwa Haiondoi Haki Yake

Sisi watu wa mwambao tukimwona mbwa njiani huinua pindo za kanzu na buibui, tukapita upande wa pili. Hilo si la kulaumiwa. Tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Sina nia ya kulitangua fundisho hilo. Ninalouliza ni hili: je, najisi ni ruhusa ya kudhulumu? Maana mbwa koko hupigwa mawe vichochoroni mwetu, na watu wazima hutazama wakacheka, kana kwamba kumpiga ni thawabu.

Nilipofika Litein, katika nchi ya majani ya chai, njia ya kutoka Kericho kwenda Sotik, swali hilo lilinikaa moyoni. Huko kwa wenzetu Wakipsigis mbwa ni mtumishi. Usiku hulinda boma, na mchana hufuata ng'ombe pamoja na mchungaji. Mzee aliyenikaribisha maziwa alimwita mbwa wake kwa neno moja tu, naye akaja akalala nje ya mlango asivuke kizingiti. Nilipouliza siri yake, mzee alinieleza kuwa hapana siri, ila kumwanza mapema, kutompiga kwa hasira, na kutomkataza leo jambo ambalo kesho utamruhusu.

Waganga wa mifugo nao husema hayo hayo. Mtoto wa mbwa asitengwe na mamaye kabla ya kutimiza majuma manane. Azoeshwe watu, watoto na kelele angali mchanga. Akitenda vyema atunzwe papo hapo, wala asifungwe mnyororo mchana kutwa, kwani kifungo humtia ukali. Wazee wetu walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ukimwona mbwa mtukutu, mtazame kwanza mwenyewe.

Na dini yetu, ndugu msomaji, haikulisahau jambo hili. Aya ya nne ya Sura ya Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefundishwa kuwinda. Katika Sura ya Kahf, mbwa wa watu wa pango ametajwa pamoja na mabwana zake. Hadithi zimekataza kufuga mbwa bila haja, lakini zimemtoa katika katazo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Basi yule wa Litein yumo katika ruhusa. Tena Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa khofu yake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria.

Wanaostahili lawama ni wale wanunuao mtoto wa mbwa kama wanunuavyo ua la mezani. Katika barabara za Nairobi huinuliwa mbele ya madirisha ya magari, bei ikashushwa mnunuzi akisita. Akishakua, akaanza kubweka na kula sana, hutupwa. Mzigo huo huwaangukia watu wa hisani, kama chama cha Kenya Society for the Protection and Care of Animals, kilichoasisiwa mwaka 1910. Sisi twaisifu hospitali ya punda iliyopo Lamu tangu 1987. Mbona huruma yetu iishie kwa punda?

Ikiwa huruma haitutoshi, basi na tuogope. Kichaa cha mbwa hupita katika mate, kikafuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kukimaliza ifikapo 2030, nao msingi wake ni kuchanja mbwa asilimia 70 kila mwaka. Kwamba yawezekana, Pemba imeonyesha. Katika kisiwa hicho cha Waislamu, chanjo ya mbwa ilikata ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia upya, mbwa wakachanjwa tena, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umetoweka. Kumpiga mawe mbwa hakukinga mtoto wa mtu, lakini sindano hukinga.

Simwambii mtu amwingize mbwa sebuleni. Nasema kila mmoja amzuie mwanawe asimtupie mbwa jiwe, na jirani mwenye mbwa ahimizwe kumpeleka kwenye chanjo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lisipakwe udongo, kwani udongo ule ni wa twahara ya vyombo. Lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo.

Nguo iliyoguswa na mate ya mbwa hutwaharika kwa maji na udongo. Dhuluma haina maji ya kuioshea, na kiumbe asiye na ulimi wa kushtaki anaye Mola wa kumsikiliza.