Atlantis Haikuzama, Ilitungwa

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Imani hii ndiyo inayoiweka Atlantis hai. Taja kisiwa kile kinachodaiwa kumezwa na bahari kwa siku moja na usiku mmoja, na hata mtu aliyesoma vizuri atakwambia kwamba huenda mambo yametiwa chumvi, lakini hadithi iliyodumu zaidi ya miaka 2,300 haiwezi kukosa chembe ya ukweli. Nakataa. Methali hiyo inafaa kwa uvumi, ambao hutoka vinywani mwa wengi na hakuna ajuaye nani aliuanza. Habari ya Atlantis tunajua nani aliianza. Ni Plato, mwanafalsafa wa Athens, katika maandishi yake mawili ya mazungumzo, Timaeus na Critias, yaliyoandikwa karibu na mwaka 360 KK. Yeyote aliyekitaja kisiwa hicho baadaye, alianzia kwake.

Kabla ya Plato ni kimya kitupu. Homer hakijui, Hesiod hakijui. Shahidi mzito zaidi ni Herodotus, mwanahistoria aliyeandika vizazi kadhaa kabla yake. Plato anadai kwamba habari hizi zilitoka kwa makuhani wa mji wa Sais, Misri, wakamsimulia Solon, mtunga sheria wa Athens. Sasa Herodotus, kwa maelezo yake mwenyewe, alifika Misri, aliijua Sais, na alizungumza na mwandishi wa hazina ya hekalu la mji huo. Habari za Solon alikuwa nazo pia. Mtu huyu hakuwa mchoyo wa visa. Aliandika hata vile ambavyo yeye mwenyewe hakuviamini. Je, angekaa na watu wa hekalu lile lile, aondoke bila kusikia kwamba Athens iliwahi kuwashinda wavamizi kutoka kisiwa kikubwa kuliko Libya, yaani Afrika waliyoijua Wagiriki, na Asia zikiunganishwa? Na kama aliusikia ushindi huo, angeunyamazia?

Wanaoitafuta Atlantis wana kawaida ya kuruka kurasa za mwanzo za Timaeus, na humo ndimo Plato anaposema anachokusudia. Socrates anakumbusha kwamba jana yake alieleza jinsi mji wenye utaratibu bora unavyopaswa kuwa. Leo ana hamu ya kuuona mji huo ukitenda, ukiingia vitani na kuonyesha malezi yake. Critias, msemaji ambaye andiko la pili limepewa jina lake, anajibu kwamba anayo habari ya kale inayolingana na mji huo kwa namna ya ajabu. Kisha wanakubaliana waziwazi: raia wa mji wa kuwazwa wachukuliwe kuwa ndio Waathene wa zamani. Kwa hiyo shujaa wa hadithi hii ni Athens. Atlantis ni adui aliyehitajika ili shujaa apate wa kupigana naye.

Tazama pia nani ameketi pale akisikiliza. Ni Hermocrates, kiongozi wa Syracuse. Msomaji wa Athens wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 415 KK Athens ilituma kundi kubwa la merikebu kuiteka Sicily. Kufikia 413 KK merikebu zimeangamizwa, askari wamekufa au wanaoza machimboni, na Hermocrates alikuwa miongoni mwa waliowashinda. Atlantis nayo ina bandari zilizojaa wafanyabiashara, ina merikebu za vita 1,200, ina wafalme waliolewa mali hadi wakavamia nchi za watu. Athens ya kale, ndogo na yenye nidhamu, inawashinda kama ilivyowashinda Waajemi pale Marathon mwaka 490 KK. Plato aliwawekea watu wa mji wake picha zao mbili, walivyokuwa na walivyogeuka kuwa, akawapiganisha. Huo ni uandishi wa ujasiri mkubwa. Inaniuma kuona unageuzwa ramani ya kusakia hazina.

Hesabu zake zenyewe zinatosha kumzindua msomaji makini. Vita vinawekwa miaka 9,000 kabla ya Solon, yaani karibu mwaka 9600 KK. Wakati huo ndio kwanza kilimo kilikuwa kinachipuka Mashariki ya Kati, na maandishi ya Misri yalikuwa bado zaidi ya miaka 6,000 mbele. Hata hivyo kuhani wa Misri anamhakikishia Solon kwamba Athens iliitangulia nchi yake kwa miaka 1,000! Ni vigumu kumwona kuhani wa Sais akiipa nchi ya kigeni ukubwa huo. Ni rahisi sana kumwona Mwathene akijipa. Halafu kuna handaki lililozunguka tambarare ya Atlantis: kina cha futi 100 na urefu wa stadia 10,000, yaani takriban kilomita 1,800. Hapo msimulizi mwenyewe anakiri kwamba ni vigumu kuamini kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya watu.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili ni ya Thera, kisiwa kinachoitwa pia Santorini. Volkano yake ililipuka karibu na mwaka 1600 KK, na huko Akrotiri, mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza mwaka 1967 kufukua mji mzima uliofunikwa na majivu, wenye nyumba za ghorofa na picha za ukutani zenye rangi mpaka leo. Wapo wanaosema hiyo ndiyo Atlantis, na kwamba 9,000 ilikuwa 900 iliyoongezwa sifuri kwa makosa. Lakini hesabu gharama ya hoja hiyo. Thera iko katika bahari ya Ugiriki yenyewe, wakati Plato anasema nje ya mlango wa Gibraltar. Ni kisiwa kidogo, naye anazungumzia nchi kubwa kuliko mabara. Ustaarabu wa Krete, ambao watetezi hao huuhusisha na Thera, haukuzama kwa usiku mmoja. Uliendelea kwa vizazi baada ya mlipuko. Ukishabadilisha mahali, tarehe, ukubwa na mwisho wa hadithi, umebakiwa na nini cha Plato?

Kama alihitaji mfano wa mji kuzama, hakuwa na haja ya kurudi nyuma miaka 1,000. Mwaka 373 KK, yeye akiwa mtu mzima, mji wa Helike kwenye Ghuba ya Korintho ulipigwa na tetemeko usiku, bahari ikaufunika na watu wake. Ulikuwa mji mashuhuri kwa ibada ya Poseidon, mungu wa bahari, ambaye kwa Plato ndiye mungu wa Atlantis. Waliovuka pale baadaye walisimulia kwamba sanamu ya shaba ya Poseidon ilibaki imesimama majini, ikinasa nyavu za wavuvi. Mabaki ya mji huo yalianza kuonekana mwaka 2001, yakiwa chini ya udongo wa nchi kavu. Sina shaka kwamba misiba ya namna hiyo ilimpa Plato rangi za kuchorea. Ila fundi anayejenga nyumba kwa mawe ya gofu hajalifufua gofu.

Na bahari ya Atlantiki? Ramani za sakafu yake zilizoanza kutolewa na Marie Tharp na Bruce Heezen mwaka 1957 zinaonyesha safu ndefu ya milima katikati, ambako mwamba mpya huzaliwa na kusukumwa pande zote mbili, sentimita chache kwa mwaka. Hakuna bara lililozama humo. Ni kweli kwamba maji yamewahi kumeza nchi: mwisho wa enzi ya barafu bahari ilipanda takriban mita 120, na ndiyo sababu Unguja, iliyokuwa imeshikana na bara, leo ni kisiwa. Lakini hilo lilichukua maelfu ya miaka.

Wengine husema: basi na iwe hadithi, inamdhuru nani? Imedhuru. Mwaka 1882 Ignatius Donnelly, mwanasiasa wa Marekani, alichapisha kitabu kilichoifanya Atlantis kuwa mama wa ustaarabu wote wa kale, Wamisri na Wamaya wakiwa watoto wake tu. Mwishoni mwa mwaka 1910 Leo Frobenius, Mjerumani, alifika Ife, katika nchi ya Wayoruba. Alipokiona kichwa cha shaba cha Olokun, mungu wa bahari, na vinyago vya udongo vyenye nyuso za utulivu wa ajabu, alitangaza kwamba ameipata Atlantis. Kwake Olokun alikuwa Poseidon, na wenyeji waliokuwa wakivitunza vitu hivyo hawakustahili kuwa warithi wa Atlantis. Viongozi wa Ife walilalamika, na maafisa wa kikoloni wa Uingereza wakamlazimisha arudishe baadhi ya alivyochukua. Zimbabwe Kuu ilikuwa imefanyiwa hivyo hivyo tangu mwaka 1871, Mjerumani mwingine, Karl Mauch, alipoihusisha na Malkia wa Sheba.

Jibu lilitoka ardhini. Mwaka 1938 vibarua waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba Ife, karibu na kasri la Ooni, mfalme wa mji huo, walifukua vichwa zaidi ya kumi vya shaba. Ni kazi ya kati ya karne ya 12 na ya 15, maelfu ya miaka baada ya tarehe za Plato. Mafundi walifinyanga uso kwa nta, wakaufunika kwa udongo, wakaupasha moto mpaka nta ikatoka, kisha wakamimina shaba iliyoyeyuka mahali pake. Na mistari ile ile iliyochanjwa kwenye baadhi ya nyuso hizo imo pia kwenye vichwa vya udongo vilivyofukuliwa sehemu nyingi za mji, vya ustadi ule ule. Waliovitengeneza walikuwa watu wa Ife.