Taa Ndogo, Somo Kubwa

Nungwi iko katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, na upepo wa bahari huvuma huko kaskazi na kusi. Upepo huo ulioyaendesha majahazi ya mafundi wake hubeba pia chumvi. Na chumvi ikikutana na unyevu, shaba ya waya za gari huliwa polepole na kugeuka kijani. Si ajabu, basi, kukuta gari la magurudumu manne ambalo taa ya kujulisha haiwaki ingawa gia imeingia, au huwaka ingawa gia imetolewa.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Lakini dereva aliyedanganywa na taa huweza kuingia katika mchanga laini akitegemea magurudumu manne, kumbe yanayovuta ni mawili; akakwama hali maji yanajaa. Mwingine huisahau gia hiyo katika lami kavu. Penye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na gia ikiwa imeyafunga pamoja, mashafti na meno ya gia huumia.

Kosa kubwa zaidi ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Taa ni shahidi tu, na shahidi hana budi kuhojiwa. Katika magari mengi ya zamani, umeme hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi na balbu, kisha hushuka hadi swichi iliyo kwenye sanduku la gia. Gia inapoingia, swichi huunganisha njia, na umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi.

Ikiwa taa haiwaki, waya unaotoka kwenye taa uchomolewe katika swichi na kugusishwa bodi, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwaka, balbu, fyuzi na waya ni vizima. Ubovu uko kwenye swichi, au gia yenyewe haikuingia. Isipowaka, ubovu uko kabla ya swichi. Ikiwa taa haizimiki, waya huo uchomolewe. Ikizimika, swichi imekwama au gia haijatoka. Isipozimika, waya umechubuka na unagusa bodi. Magari mapya yaongozwayo na kompyuta yasijaribiwe hivyo. Kitabu cha gari kisomwe kwanza.

Fundi wa majahazi hatii kalafati kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Fikra hiyo ndiyo sayansi yenyewe, wala haihitaji maabara ya fahari. Betri, balbu, swichi na vipande vya waya vyatosha juu ya meza ya darasa. Mwalimu afiche ubovu mmoja, na wanafunzi waulizane: njia imekatika wapi? Mwanafunzi aliyezoea kuchora saketi ubaoni bila kuitafuta iliyokatika amefundishwa nusu ya somo.