Jicho lenye hofu halipimi plastiki
Wiki hii, soko la Majengo hapa Dodoma, nimeona bunduki ya rashasha ya bandia imetundikwa katikati ya mipira na wanasesere: miguu miwili mbele, mkanda wa risasi ubavuni, nyeusi tii. Hurusha vigololi vya plastiki, na kijana aliyeishika alikuwa na furaha ambayo simlaumu; sisi utotoni tulijitengenezea zetu kwa mabua ya mtama. Ila bua hakuna aliyelidhania silaha. Wajapani walioanzisha mchezo wa kurushiana vigololi kwa bunduki kama hizi miaka ya 1970 huuchezea kwenye viwanja maalumu, miwani machoni, na Marekani sheria inadai ncha ya rangi ya chungwa mdomoni mwa bunduki. Hata hivyo, Novemba 2014, mjini Cleveland nchini humo, polisi alimpiga risasi na kumuua Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya bandia ya aina hiyo isiyo na ncha ya chungwa. Jicho lenye hofu halipimi plastiki. Mzazi anayemruhusu mwanawe kutoka na rashasha hii barabarani, katika makao makuu ya nchi yenye askari na walinzi wenye silaha, anamweka mbele ya mtutu wa kweli. Ichezewe uani, geti limefungwa, na miwani inunuliwe siku hiyohiyo.