Saa ya amana na mkanda wa kuivaa mkononi

Chukulia familia moja ya wakulima jirani na Mtabila, wilayani Kasulu. Babu wa familia hiyo ana saa ya mfukoni, ile ya kutia ufunguo, ambayo si yake. Aliachiwa na rafiki yake, mkimbizi kutoka Burundi, mwishoni mwa mwaka 2012, siku ambazo kambi ya Mtabila ilikuwa inafungwa na watu wanapandishwa kwenye magari kurudishwa kwao. Rafiki hakuwa na muda wa maneno mengi. Alisema tu: "Nitunzie. Usiiache ilale."

Walioishi Kasulu na Kibondo miaka hiyo hawahitaji kusimuliwa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kigoma. Kambi zikawa kama miji. Wenyeji walipeleka mihogo na ndizi, wakarudi na mafuta ya mgao. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, hivyo urafiki haukuhitaji mkalimani. Leo Mtabila kuna kambi ya JKT, lakini vitu vidogo vilivyoachwa mikononi mwa wenyeji bado vimo ndani ya masanduku.

Kila jioni babu ameitia saa ile ufunguo. Sasa mikono inamtetemeka na kitufe kinamponyoka. Mjukuu wake wa kike amemaliza chuo cha ualimu na anakwenda kuanza kazi. Babu anamwita na kumtania kama kawaida yao: "Mke wangu, kuanzia leo wewe ndiye utakayeitia ufunguo."

Binti anapokea kwa mikono miwili. Tatizo linakuja asubuhi yake: magauni yake hayana mfuko. Mwalimu anahitaji kuona saa bila kupekua mkoba, maana kipindi ni dakika 40 na darasa linalofuata linasubiri mlangoni. Njia iliyobaki ni kuivaa mkononi.

Hapo mabishano yanaanza. Baba mdogo anasema saa ipelekwe mjini Kigoma, ichomelewe vishikio viwili pembeni, ipitishwe mkanda wa kawaida, mambo yaishe. Kisha anaongeza kwamba saa ya mfukoni tangu hapo ni ya mwanamume, angepewa kaka yake. Mama anataka irudi sandukuni. Babu ananyamaza.

Familia nyingi zina kitu cha namna hii: saa, cherehani, baiskeli ya marehemu. Kijana anataka kukitumia, wakubwa wanaogopa kitaharibika, na mara nyingi ugomvi mkubwa huanzia kwenye jambo dogo kama mkanda.

Mkononi kulikuwa kwa wanawake

Hoja ya baba mdogo kwamba saa hiyo haimfai binti, historia haiiungi mkono. Ulaya ya karne ya 19, mwanamume aliweka saa mfukoni na kuifunga kwa mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa pambo la wanawake, na mwanamume aliyeivaa angechekwa.

Vita ndivyo vilivyobadilisha mambo. Askari aliye juu ya farasi au ndani ya handaki hawezi kufungua vifungo vya koti kutafuta saa. Katika vita vya Waingereza na Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, baadhi ya askari walichukua saa zao za mfukoni wakazitia kwenye vikombe vidogo vya ngozi vyenye mkanda na kuzifunga mkononi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, saa ya mkononi ilikuwa imeshakuwa kitu cha kawaida kwa wanaume. Vita hiyo ilifika hata Kigoma, ambako reli ya kati ilikuwa imefika mwaka 1914. Miaka miwili baadaye vikosi vya Wabelgiji kutoka Kongo vikauteka mji.

Kwa hiyo binti wa Mtabila haombi jambo geni. Na kile kikombe cha ngozi cha askari wale ndicho kinachomfaa leo.

Usikubali lehemu

Saa ya mfukoni haina mahali pa kupitishia mkanda. Ina pete juu, kwa ajili ya mnyororo. Mafundi wengine hukata pete hiyo na kuchomelea vishikio. Saa ikishafanyiwa hivyo hairudi ilivyokuwa. Moto wa lehemu huharibu rangi ya ganda, na mashine isipotolewa vizuri kwanza, mafuta ndani yake huharibika na uso wa kauri unaweza kupasuka. Hata ikiuzwa, thamani yake huwa imeshuka.

Kwa saa ya amana kuna sababu nzito zaidi. Mwenyewe akirudi kesho, au mwanawe akija kuiulizia, atakabidhiwa nini? Mtu aliyeazimwa shamba halimi mpaka kwenye makaburi ya wenyeji. Kadhalika aliyeachiwa saa anaweza kuitumia kama alivyoruhusiwa, lakini hana ruhusa ya kuikata.

Kikombe cha ngozi hakigusi saa kwa moto wala kwa gundi. Saa inakaa ndani, ukingo wa ngozi unaishika pembeni, uso unabaki wazi, na kamba au kifungo kidogo huzuia isichomoke. Siku ya kuirudisha, unafungua na kuitoa ikiwa kama ilivyokuja.

Kazi hiyo haihitaji kwenda mbali. Fundi viatu mzuri wa sokoni Kasulu au Kibondo, anayeshona makubazi ya ngozi, anaweza kuifanya akielezwa vizuri. Asiachiwe saa yenyewe siku nzima bila sababu. Achukue vipimo vyake, upana na unene, kisha saa irudi nyumbani.

Pima kwa boksi kwanza

Saa nyingi za mfukoni zina upana wa milimita 45 hadi 50. Mkono wa binti mwembamba unaweza usitoshe. Kabla ya kulipia ngozi, kata duara la boksi gumu lenye upana uleule, lifunge mkononi kwa kitambaa, na ulivae siku nzima: kufua, kuandika, kuendesha baiskeli. Likizidi ukingo wa mkono pande zote mbili, saa itakuwa inagonga kila meza. Hapo afadhali kushona kikoba kidogo cha kufunga kiunoni, na mkanda wa mkononi usubiri.

Likitosha, angalia upana wa mkanda. Saa hizi ni nzito. Nyingi hukaribia nusu ya uzito wa simu ya mkononi. Mkanda mwembamba utaiacha igeuke na kuning'inia chini ya mkono. Milimita 20 hadi 24 zinafaa. Chini ya kikombe kuwe na kipande kipana cha ngozi kinachogusa mkono, ili jasho lisifike kwenye ganda na uzito usikae sehemu moja.

Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa vizuri, yenye unene wa kama milimita mbili, inafaa kwa nje. Ngozi laini ya mbuzi inafaa kwa ndani, mahali saa inapolala. Ngozi yenye unyevu au harufu kali isitumike, kwa kuwa unyevu hutia kutu. Uzi uwe wa nailoni uliopakwa nta, maana ukikatika saa iko chini. Vifungio vya chuma visigusane na ganda, vitalikwaruza.

Kitufe kielekee wapi?

Wengi husahau jambo hili. Kwenye saa ya mfukoni ya uso wazi, kitufe cha kutia ufunguo kiko juu ya 12, palepale ambapo mkanda unapita. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni fundi kuacha nafasi kwenye ngozi upande wa 12, ili kitufe na pete vitokeze, na mkanda ugawanyike pande mbili kuvizunguka. Saa itasomeka kama saa yoyote ya mkononi, ila kazi ya fundi ni ngumu zaidi.

Ya pili ni kuigeuza saa ili 12 ielekee vidole. Ukinyoosha mkono mbele, kama aliyeshika usukani wa baiskeli au aliyelaza mkono juu ya meza, uso unasomeka sawasawa. Ubaya wake ni kwamba kitufe hugusa mgongo wa kiganja unapokunja mkono.

Zipo pia saa zenye kifuniko ambazo kitufe chake kiko upande wa 3. Hizo ndizo rahisi kuzivaa mkononi, lakini kifuniko kinahitaji nafasi ya kufunguka.

Namba zinazong'aa gizani

Mzazi mwenye saa ya zamani asome sehemu hii kwa makini. Tangu miaka ya 1910 hadi miaka ya 1960, saa nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu kwenye namba na mishale ili zionekane gizani. Marekani, katika jimbo la New Jersey, wasichana walioajiriwa kupaka rangi hiyo walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa na taya, na baadhi walifariki katika miaka ya 1920.

Mng'ao wa rangi hiyo hufifia baada ya miaka michache, lakini radiamu inabaki. Huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kwa hiyo saa kutong'aa leo hakuna maana kwamba ni salama. Dalili ni rangi nene ya njano au kahawia juu ya namba na mishale. Ukiiona, usifungue kioo, usikwangue, usiwape watoto wachezee, na saa hiyo isivaliwe mkononi kila siku. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mdomoni au puani. Saa ambayo namba zake zimechorwa kwa wino mweusi tu haina shida hii.

Siku za kuvaa na siku za kuacha

Saa ya kutia ufunguo haipendi maji wala vumbi. Nyanda za juu za Kigoma, mvua za kuanzia Oktoba hadi Mei zinaweza kumkuta mtu njiani bila mwamvuli, na kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali. Mwalimu ana vumbi lake la chaki pia. Anayeandikia mkono wa kulia aivae wa kushoto, na siku ya mvua saa ibaki nyumbani. Isilazwe juu ya spika ya redio au karibu na simu, kwa sababu sumaku huifanya ikimbie au ichelewe. Itiwe ufunguo saa ileile kila siku, taratibu, na kidole kikisikia imejaa, basi.

Babu anafungua mdomo

Katika familia ile ya Mtabila, kinachomaliza mabishano ni swali la mama. Anamgeukia mkwewe kwa heshima: "Baba, mwenyewe alisema itunzweje?"

Babu anarudia maneno yaleyale: isilale. Rafiki yake hakusema ifichwe. Wala hakusema ikatwe. Alitaka itembee, maana saa iliyosimama miaka na miaka mafuta yake huganda na meno ya mashine hushikana.

Baba mdogo anakuna kichwa. "Shemeji, hapo nimekuelewa." Yeye mwenyewe ndiye anayempeleka binti kwa fundi viatu na kusimama pale vipimo vikichukuliwa.

Mzazi aliye na kitu cha namna hii ndani ya nyumba hana haja ya kungoja msiba ndipo aulize. Muulize mwenye kukijua angali hai: kilitoka wapi, ni cha nani, kinaruhusiwa kutumika vipi. Waite watoto wote wasikie, wa kike na wa kiume. Kisha mpe mmoja kazi ya kukitunza mbele ya wenzake, ili asije akaitwa mwizi baadaye.

Mkanda ukiwa tayari, babu anaomba jambo moja kwa fundi. Kwenye ngozi ya ndani, upande unaogusa mkono, aandike kwa moto jina la yule rafiki na kijiji alikotoka Burundi. Ngozi ikichakaa watashona nyingine na kuandika tena. Kwenye saa yenyewe haandiki kitu.

Jumatatu binti anaingia darasani. Mwanafunzi wa dawati la mbele anauliza kwa nini saa ya mwalimu ni kubwa hivyo.

"Si yangu," anajibu. "Fungueni madaftari."