Kufunga chakula ili kupunguza kilo: si katika saa za kazi

Ndugu wafanya kazi, na ninyi mabibi mnaotupikia nyumbani, leo tuzungumze juu ya tumbo.

Zamani tumbo kubwa lilikuwa alama ya mtu aliyefika. Sasa wengi wamejua kwamba tumbo hilo mara nyingi linaleta tansio na ugonjwa wa sukari, na wanatafuta kupunguza kilo. Ni jambo jema. Lakini katika simu wanaambiwa rejime moja: kukaa saa 16 bila kula, kisha kula katika saa 8 zinazobaki. Wengine wanakula kama kawaida siku 5 za juma, na siku 2 wanakula kidogo sana. Hapa sisemi juu ya kufunga kwa dini. Kule kuna sheria zake, na mgonjwa anaachiliwa. Ninasema juu ya mtu anayefunga kwa ajili ya kilo tu.

Je, rejime hiyo ni uongo? Hapana. Ini linaweka akiba ya sukari. Mtu akikaa saa nyingi bila kula, akiba inapungua, na mwili unaanza kuchoma mafuta zaidi. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, anayeshinda katika kiti, inaweza kusaidia. Kwa mtu anayeshuka shimoni au anayeendesha kamyo kubwa, ni habari nyingine.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Juma la kwanza kilo 3 zilitoka, nikajisifu mbele ya bibi. Kumbe nyingi ilikuwa maji, sababu akiba ya sukari ikitoka mwilini inatoka pamoja na maji yake. Nilikuwa zamu ya usiku. Chakula cha mwisho saa kumi ya alasiri, kisha hakuna kitu mpaka saa mbili ya asubuhi. Usiku wa nne, karibu saa tisa, mguu ukakosa ngazi. Mkono ulishika chuma, Mungu akasaidia. Mwenzangu aliyekuwa chini yangu alifikiri nimelewa. Sikulewa, nilikuwa na njaa. Kama ningeanguka, ningemwangukia yeye, na yeye hakufunga. Asubuhi nilimaliza bukari ya watu wawili.

Tena, saa peke yake haina uchawi. Mwaka 2022 wanganga wa Guangzhou, kule China, mji ambao wafanya biashara wetu wengi wanaujua, walitangaza kazi yao juu ya watu wanene 139. Wote walipunguziwa chakula mwaka mzima. Kundi moja lilikula kati ya saa mbili ya asubuhi na saa kumi ya alasiri tu. Kundi lingine lilikula saa yoyote. La kwanza lilipunguza kilo 8, la pili kilo 6 na kidogo. Wanganga waliona kwamba tofauti hiyo haitoshi kusema ni saa zilizofanya kazi. Iliyofanya kazi ni sufuria iliyopunguzwa.

Basi tuangalie sufuria yetu. Kalori ni kipimo cha nguvu inayotoka katika chakula. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori karibu 360. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese, karibu 120, na sisi tunamimina katika sombe kwa macho, si kwa kijiko! Chupa kubwa ya pombe ina karibu 300. Anayefunga mchana kutwa, kisha jioni anakunywa chupa 4, amekunywa kalori 1.200 kabla ya kugusa bukari. Huyo anafunga bure.

Mabibi, msiwanyime mabwana samaki wala maharagi. Mlima wa bukari ndio upungue, na lengalenga iongezeke.

Anayetaka kufunga aweke saa za kufunga katika usingizi, si katika zamu. Wa zamu ya mchana ale jioni saa kumi na mbili, asiguse kitu tena, kisha ale asubuhi saa kumi na mbili kabla ya basi. Hizo ni saa 12, na hakuna aliyetiwa hatarini. Wa zamu ya usiku ale kabla ya kutoka nyumbani, na achukue chakula kidogo cha mapumziko. Maji hayafungwi hata siku moja. Katika joto la chini ya udongo, mwili usio na maji unaanguka haraka kuliko mwili usio na chakula.

Wengine wasijaribu kabisa bila munganga: mwenye ugonjwa wa sukari anayepiga sindano au kumeza vidonge, sababu sukari inaweza kushuka ghafla mpaka azimie, mwenye ugonjwa wa SS, mwenye vidonda vya tumbo, mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na kijana anayekua bado.

Na ukisikia kizunguzungu katika kamyo, simamisha, funga breki, ita kapita. Usingoje saa yako ya kula ifike.

Mimi niliacha saa 16. Katika mwaka mmoja nimepunguza kilo 6, polepole. Kijiko cha mafuta anakishika bibi, na hanipi nikishike.